Msomi wa Lumbesa

Niliondoka kijijini kwetu Yakobi asubuhi ya ukungu nikiwa na begi moja na sweta mbili. Sikuwa na mpango. Ndivyo nilivyozoea tangu nilipoacha shule darasa la sita: miguu ikiniwasha, natoka. Safari hii lakini kulikuwa na jambo la kunikimbiza. Kaka yangu alitaka niwe msimamizi wa wapakiaji wake wa viazi, na mama alikuwa akisubiri nikubali.

"Kubali tu, mwanangu," aliniambia, "na mimi nijue mtoto wangu anaishi wapi."

Kaka ana shahada ya uzamili ya biashara. Sisemi kwa kejeli; ilimfaa. Alikuwa karani wa mizani kwenye kampuni ya kununua mazao, anashinda kwenye vumbi. Akawa anapanda basi kila Ijumaa kwenda kusoma Mbeya, anarudi Jumapili macho mekundu. Alipomaliza wakampa umeneja wa manunuzi, gari, na kiti kinachozunguka. Vitabu alivyoviacha nyumbani nilivisoma vyote. Nilimchosha kwa maswali, naye alinijibu kwa uvumilivu. Niseme ukweli, alikuwa mwalimu mzuri.

Utafiti wake wa mwisho ulihusu lumbesa. Gunia la viazi linajazwa, halafu mdomoni linashonewa wavu na kujazwa tena mpaka linaota nundu, na mkulima analipwa gunia moja. Nilimsindikiza vijijini kuwahoji akina mama. Walitupikia viazi, wakatueleza wanavyoonewa. Mmoja alilia. Tulipokuwa tunarudi kaka alisema, "Dogo, huu ni wizi wa mchana kweupe," na sauti ilimtetemeka.

Basi asubuhi ile nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu, Njombe mjini, gari lake likasimama mbele yangu.

"Bosi mdogo! Umekuja kuanza kazi?"

"Naenda mbele."

"Mbele wapi?"

"Sijui."

Alicheka. "Mtu mzima unazurura kama mbuzi aliyekata kamba. Panda. Naenda Makambako, na njiani kuna mzigo unapakiwa. Uone kazi yenyewe, halafu unipe jibu."

Garini mlinuka marashi matamu kupita kiasi. Alikuwa anatafuna karanga na kupuliza maganda dirishani, akinieleza namna kampuni inavyomtegemea.

Mzigo ulikuwa kwenye kimojawapo cha vijiji tulivyokwenda kuhoji. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye nyasi zilizolowa, vitenge vichwani, viazi vyao vikinyeshewa. Vilivyokuwa chini ya lundo vilikwisha kuanza kuoza; harufu yake ilinikaa kooni. Pembeni, kando ya lori la kampuni, vijana wa kaka walikuwa wanashona wavu juu ya magunia.

Yule mama aliyelia ndiye aliyeinuka. "Kamwene, mwanangu," alinisalimu, kisha akamgeukia kaka. "Si ndiye wewe uliyetuandika habari za lumbesa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Sasa mbona mnashona?"

Kaka alimshika bega kwa upole. "Mama, ule ulikuwa utafiti. Hii ni kazi."

"Kumbe viazi vyetu vilikuwa vya kumnolea meno!" alisema mwingine kutoka nyuma, na wote wakacheka. Kicheko hakikudumu. Mvua ilikuwa inaongezeka na hapakuwa na lori lingine la mnunuzi. Yule mama aliinama akaanza kujaza nundu kwa mikono yake mwenyewe, na kaka akawa anamwonyesha kwa kidole:

"Hapo pana nafasi, mama. Hapo pembeni."

Neno hilo, mama, ndilo lililonishinda. Angemfokea, nadhani ningevumilia. Lakini alikuwa na adabu zote, adabu laini, yenye mafuta, na kila alipomwita mama, gunia lilipanda.

Tulipoondoka alisema, "Umeona? Kazi yako ni hiyo tu, kuhakikisha magunia yamejaa. Nikilegea mimi, wenzangu wananunua hivyohivyo, halafu mimi natolewa kazini."

"Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Hiyo kazi. Inanitia kichefuchefu."

Nilingoja akasirike. Alitafuna karanga kwanza. "Kichefuchefu ni anasa, mdogo wangu. Mama utamwambia mwenyewe."

Aliniacha stendi ya Makambako mchana, kwenye upepo wa kule unaojaza mchanga mdomoni. Sikumjua mtu. Nyuma ya stendi nilipata gesti yenye chumba kimoja kilichobaki, kitanda na msumari wa kutundikia nguo. Sijakaa vizuri, simu ikaita.

"Umeshakubali?" aliuliza mama.

"Nimekataa."

Nilisikia akifukuza kuku. "Kwa nini?"

"Wanashona lumbesa, mama. Kaka ndiye anayeamuru."

"Na bati hili juu yangu, nani ameezeka?"

Nilitundika sweta kwenye msumari.

"Uko wapi?"

"Makambako, kwenye gesti."

"Kwa nani huko?"

"Simjui mtu."

Alikata simu. Mwenye gesti aliweka ndoo ya maji ya moto mlangoni, akaniuliza nitakaa siku ngapi. Nikamwambia leo nipo. Ya kesho sijui.