Vidole vya Mbula

Tuseme mapema ili asiwepo wa kumnyooshea kidole: Mbula wa Kilungu hakuwahi kuiba hata sindano. Yeye na mama yake, Syombua, walisokota kamba za mkonge wakashuka nazo mji wa Salama, kando ya barabara kuu, kuwauzia madereva wa malori wafungie mizigo. Ni kamba hizo zilizomlipia Mbula karo ya kompyuta Nairobi, mwaka mzima, hadi akapata cheti chenye muhuri. Huo ulikuwa mwaka wa 1991. Kilungu wangapi walikuwa wameiona kompyuta kwa macho?

Kisha kampuni moja ya Nairobi ikatangaza kazi gazetini. Ilitaka mtu wa kulinda siri za kompyuta zake, wa kuhakikisha asiyehusika hafungui mafaili. Mwombaji alete cheti cha kompyuta na cheti cha tabia njema kutoka polisi. Mbula akapita mahojiano.

"Kazi ni yako," bosi alimwambia, "lakini bila good conduct huingii hiyo chumba ya kompyuta. Hata kama ni dadangu, haingii."

Akampa miezi miwili.

Polisi walipompaka wino vidoleni kuchukua alama, karatasi ilitoka na madoa meusi matupu. Konstebo akarudia mara tatu, kisha akamkazia macho.

"Hizi vidole hazina laini hata moja. Ulizisugua na nini? Wezi ndio hufanya hivyo."

"Ni makonge, afande. Hiyo maji yake inakula ngozi."

"Hiyo hadithi peleka kwenu. Rudi zikimea."

Wezi! Mtu anachunwa ngozi na kazi ya halali, halafu kazi hiyohiyo igeuke shahidi wa kumshtaki. Mbula alitoka pale amejaa hasira, na nani angemlaumu?

Nyumbani, Syombua alimnyang'anya kisu cha kuparia majani ya mkonge.

"Usishike mkonge tena mpaka upate hiyo karatasi."

"Na wewe, mwaitu, mama yangu? Utafanya kazi ya watu wawili?"

"Kwani mimi naenda kulinda kompyuta ya nani?"

Basi kwa wiki sita Mbula alikaa kama bibi harusi, vidole vikipakwa samli, huku mama yake akipara majani peke yake hadi viganja vikachanika. Binti aliona haya hata kunyoosha mkono kwenye sahani. Lakini ngozi ilimea, alama zikasomeka, na cheti kikatoka siku tisa kabla ya muda kwisha.

Alikipeleka siku hiyohiyo, ndani ya bahasha. Bosi hakuifungua hata bahasha. Nafasi ilishajazwa, alisema, akitazama pembeni. Nyuma ya kioo, ndani ya kile chumba, alikuwa amekaa mpwa wa bosi, akitafuta herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama.

"Huyo amesomea kompyuta wapi?" Mbula aliuliza.

"Atasomea hapahapa."

"Na good conduct yake?"

Bosi akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Huyo ya nini? Huyo tunamjua kwao."

Mbula alichukua bahasha yake mezani.

"Hata mimi najulikana kwetu," alisema. "Ni vile hakuna mtu alienda kuuliza."