Sahani Mbili za Karanga

Nyumba yangu na ya Delphine zimeegemeana katika kambi ya reli hapa Kamina. Tuna ukuta mmoja, ua mmoja, na bomba moja ambalo mara ya mwisho lilitoa maji marehemu mume wangu akiwa bado hai. Kwa hiyo ninayoyasimulia sikuambiwa. Niliyaona, na mengine niliyasikia ukutani bila hata kutega sikio. Nasema mapema kabisa: yule mwanamke alizungukwa na wajinga. Nimetafuta neno lenye adabu zaidi, nimelikosa.

Delphine alizaa mapacha wa kiume. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina, wanakuja nayo: anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Wanakuja na sheria pia. Ukimnunulia mmoja shati, mnunulie mwenzake la rangi hiyo hiyo. Ukimlisha mmoja, wa pili asingoje. Anayepunjwa hukasirika, na pacha akikasirika anarudi alikotoka, yaani anakufa. Sikuwa na ugomvi na sheria hiyo. Watoto wawili wakivaa sare wanapendeza.

Ila hawa wawili hawakufanana ngozi. Ya Kyungu ilikuwa laini tangu siku ya kwanza. Kabange, kabla hata hajatambaa, alitoka mabaka makavu shingoni, kwenye viwiko na nyuma ya magoti, akajikuna mpaka damu. Delphine akampeleka hospitali. Daktari alisema ni ekzema, ukurutu ambao hauambukizi na hauondoki kwa dawa ya siku moja. Unatunzwa tu, kama mtu anavyotunza paa linalovuja. Akamwelekeza. Amwogeshe kwa maji ya vuguvugu, tena haraka. Sabuni ya kufulia isimguse. Amkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa, asimsugue, kisha ampake vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu. Kucha ziwe fupi. Pomada ya hospitali ni kidogo tu, pale palipowaka, na pakitulia aache.

Mtoto wa shule ya msingi angeyaelewa hayo. Kambi yetu haikuyaelewa.

Wa kwanza kuleta ujuzi wake alikuwa wifi yake Delphine, Laetitia, anayeuza krimu za kuchubua sokoni. Laetitia anatembea na tangazo la biashara yake: uso mwekundu, masikio meusi.

"Weye unapakaa mutoto mafuta ya bamaskini," alimwambia Delphine. "Ngoja utaona yangu."

Delphine alikataa. Laetitia akasubiri mwenzake aende kuchota maji, akampaka mtoto mwili mzima. Mabaka yalizimika, na kwa siku chache Laetitia alizunguka ua mzima kujisifu. Kisha yakalipuka upya, mabaya kuliko mwanzo, ngozi nyembamba inachanika ukiigusa. Sasa Laetitia akasema ni pepo. Krimu ikifaulu ni yake, ikishindwa ni ya shetani.

Nyuma yake wakaja mabingwa wa vyakula. Mmoja alisema mtoto asile samaki. Mwingine maharagwe. Mwingine akakataza bamia kwa sababu zinateleza, na nikajizuia kuuliza utelezi wa bamia unafikaje kwenye goti. Delphine angewasikiliza wote, Kabange angebaki anakula upepo. Akarudi kwa daktari kuuliza. Daktari akamwambia asimnyime mtoto chakula kwa maneno ya mtaani, maana akikonda atakuwa na magonjwa mawili badala ya moja.

Chakula kimoja tu hawakukitaja wale mabingwa, nacho ndicho kilichotaka kumuua.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Laetitia alipika sombe, yaani kisamvu, ya karanga, nzito kama tunavyoipenda, akamlisha Kyungu kijiko, akamlisha Kabange kijiko. Kyungu akafungua mdomo aongezwe. Kabange alianza kupiga chafya, midomo ikavimba, macho yakafungwa na uvimbe, kifua kikawa kinapiga mluzi. Delphine alimnyakua, akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona bila kuuliza nauli wala kuvaa viatu. Hospitali walimdunga sindano ya paja mtoto akapumua. Daktari akasema ni mzio. Karanga asiguse tena maisha yake yote, si punje, si mafuta yake, si kijiko kilichotoka kwenye karanga. Safari nyingine huenda pikipiki isifike.

Delphine aliyarudia maneno hayo mlango kwa mlango. Unadhani walimsikia? Walicheka.

"Karanga?" walisema. "Karanga inaua muntu? Si bote tungekuwa tulishakufa!"

Mumewe, Amédée, hakucheka, lakini hakusema kitu pia. Anafanya kazi ya breki kwenye treni za mizigo za kwenda Kabondo-Dianda, na nyumbani anashuka kama abiria. Hapigi mke, halewi, hafanyi lolote. Watu humsifu kwa hilo. Mimi namwona kama kiti: kipo, unakikalia, hakikujibu.

Ukoo wake ulikuwa umeshapata maelezo yao. Kyungu alitangulia kulishwa, Kabange akakasirika, ndiyo maana alivimba. Na kwa kuwa sasa Kyungu anaokota karanga kwa majirani na mwenzake ananyimwa, hasira imehamia kwenye ngozi. Mabaka yote yale, kumbe, ni hasira! Dawa yake ilikuwa nyepesi: walishwe karanga wote wawili, kwa wakati mmoja, kwa mkono wa kambo yao, yaani bibi yao, siku ya ngoma ya mapacha mwezi unapoandama. Nilipousikia mpango huo ukutani niliweka sufuria chini nikakaa. Watu wazima, waliobatizwa, wenye watoto wao, walikuwa wanapanga kumuua mtoto kwa uangalifu na kwa upendo.

Kambo huyo ni Mwadi, mama yake Amédée. Alishuka kwenye treni ya Kabongo na gunia la karanga mpya kichwani, mgongo umenyooka, akiwatazama watu wa kambi kana kwamba sisi ndio tuliochelewesha treni. Delphine alimpigia magoti, akampa maji, akamweleza yote kuanzia sindano mpaka kijiko.

"Docteur yako alishazaa mapasa?" Mwadi aliuliza.

"Hapana, mama."

"Minyi nilizaa. Amédée njo Kyungu yangu. Nilimulisha yeye mbele, Kabange yangu akakasirika, akaenda siku ile ile. Nilimuzika na hii mikono. Weye unataka kuzika yako?"

"Hapana, mama."

"Basi nyamaza."

Delphine akaokota kikombe cha maji, akatoka. Jioni hiyo alimwomba mumewe aseme neno moja tu kwa mama yake, na nikasikia Amédée akijibu kwamba mama ni mama. Nilitamani kuubomoa ukuta.

Nilimwambia Delphine atoroke na mtoto. Alikataa. Angetoroka siku moja, akasema, na siku nyingine angekuwa mtoni anafua na mtu angemlisha Kabange nyuma yake, kwa sababu kila mtu katika ua ule aliamini anamsaidia. Ilibidi waache wenyewe.

Sasa lazima nieleze ngoma yenyewe. Siku ya mapacha watu huruhusiwa kuwatukana wazazi, tena matusi ya nguoni, kwa nyimbo na kwa vigelegele. Wazazi nao wanaruhusiwa kujibu, na hakuna tusi la siku hiyo linalokasirikiwa. Anayekasirika anawaletea mapacha balaa. Watu wapole hutabasamu tu na kuvumilia, na Delphine tulimjua kuwa mpole.

Ua ulijaa. Mwadi aliwapaka watoto pemba, ule udongo mweupe, kuanzia paji la uso mpaka vidole vya miguu. Kyungu alipendeza. Juu ya ngozi ya Kabange udongo ulikauka, ukavuta, ukapasuka pamoja na mabaka, na mtoto akawa anajikuna huku analia, machozi yakichora mistari kwenye weupe. Wanawake wakasema tazameni, hasira inatoka.

Laetitia alianzisha wimbo. Mapaja ya mama ya mapasa ni gare, yaani stesheni, aliimba, kila treni inaingia, hata ya mizigo! Ua mzima ukaitikia. Delphine alikuwa amesimama katikati, mikono imening'inia. Mwadi alikaa kwenye mkeka na sahani mbili ndogo mbele yake, zinafanana, kila moja na karanga zilizotwangwa na asali. Akawapakata watoto, mmoja goti hili, mmoja goti lile.

Ndipo Delphine alipofungua mdomo.

Sikujua kama ana sauti ile. Alianza na Laetitia: uso wa Fanta, masikio ya Coca, ulipakaa mutoto yangu sumu ukaita dawa! Watu wakaangua kicheko, maana ilikuwa kweli tupu. Akamgeukia mumewe: bwana ya breki, kwa treni unafunga, kwa nyumba hauwezi kufunga hata mudomo ya mama yako! Wanaume walipigana mabega kwa kucheka. Akatuzunguka sote, mmoja mmoja, na bamia zetu na maharagwe yetu. Hata mimi nilipata langu, kwamba nasikia kila kitu ukutani na sijawahi kuvuka mlango kusaidia. Lilinichoma, nami nikaitikia kama wengine.

Kisha akasimama mbele ya mkeka. Mwadi alikuwa tayari amechota karanga kwa vidole, mkono huu na mkono huu.

"Kambo ya Kabongo," Delphine aliimba, tena taratibu, "ulizika Kabange moja, haukushiba. Ulipanda treni kuja kuzika ya pili."

Hakuna aliyeitikia. Hilo halikuwa tusi la nguoni, na bado lilikuwa tusi, na siku ilikuwa ya matusi. Mwadi hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Nilimwona akiitafuta hasira yake na kukumbuka kwamba amefungwa na sheria ile ile aliyoileta.

Delphine akapiga magoti. Hakuimba tena.

"Mama, unapenda balishwe sawasawa. Minyi pia. Kabange hawezi kukula karanga, basi Kyungu naye asikule. Toka leo mupaka bazeeke. Ile njo sawasawa. Sheria yako inakataa?"

Wazee walitazamana. Sheria haikukataa. Wapumbavu wale walianza kuitikia kwa vichwa, kwa busara, kana kwamba wazo lilikuwa lao. Tangu ile Jumapili Delphine aliwaambia mtoto atakosa pumzi, wakacheka. Sasa amewaambia ni sheria ya mapacha, na kila mmoja akaangalia vidole vyake kama havina unga wa karanga. Niliwadharau siku ile kuliko siku zote.

Mwadi tu hakuitikia. Karanga zilikuwa bado vidoleni mwake.

"Sema tena," alimwambia Delphine. "Ile siku ya sombe. Alifanya namna gani?"

"Alipiga chafya. Midomo ikavimba. Macho yakafungwa. Kifua kikalia mluzi."

"Mbele ya mluzi, midomo?"

"Ndiyo, mama. Midomo mbele, mluzi nyuma."

Mwadi alizishusha sahani chini polepole, moja, halafu nyingine, akazisukuma mbali na magoti ya watoto.

"Uji yangu ilikuwa ya karanga," alisema. "Midomo yake ilivimba mbele. Minyi nikasema ni hasira."

Huenda ilikuwa mzio, huenda ilikuwa kitu kingine. Hakuna daktari atakayelifungua kaburi lile la Kabongo. Lakini mwanamke huyu alikuwa amembebesha mtoto wake aliyekufa kosa la wivu tangu Amédée ananyonya, na Amédée, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa amekua akiambiwa kwamba kwa kulishwa kwanza alimuua ndugu yake. Nikamtazama alivyoegemea ukuta, mkono wake mdomoni, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini hasemi. Hilo halikunifanya nimsamehe.

Mwadi aliamuru maji, ya vuguvugu. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akanawa tena, akamfokea Laetitia naye anawe. Gunia likatolewa nje ya ua. Aliwaogesha watoto pemba yote ikatoka, akawakausha kwa kuwagusagusa kama Delphine alivyomwonyesha, kisha akaomba kopo la vaselini.

Delphine akamwambia Kyungu hahitaji, ngozi yake ni nzima.

"Nyamaza," alisema Mwadi, huku analia.

Akachovya mikono yote miwili, akawapaka kwa pamoja, mkono wa kulia kwa Kabange, wa kushoto kwa Kyungu, asije mmoja akatangulia.