Grupu la Wazazi Lisilo na Wazazi

Mwalimu mkuu aliyeletwa shuleni kwetu, nje kidogo ya Kharumwa, alikuja na neno moja mdomoni: mawasiliano. Shule inafeli, alituambia sisi walimu wake, kwa sababu haizungumzi na jamii. Nilimsikiliza kwa hamu. Miaka yote niliyofundisha pale, wazazi walikuwa wakiitwa kwa mambo mawili tu, michango na makosa ya watoto. Nikadhani safari hii tumepata mtu.

Kumbe dawa yake ilikuwa kufungua grupu la simu.

Wazazi wetu wengi ni wakulima, na wengine hushinda machimboni wakiponda mawe. Mwenye simu ana kitochi cha kupigia na kupokea, basi. Kwa hiyo ndani ya grupu tulikuwamo sisi walimu, mwenyekiti wa kamati, muuza mbolea, na mnunuzi mmoja wa dhahabu ambaye hakuwa hata na mtoto shuleni. Kila asubuhi mkuu aliandika, "Ndugu mzazi au mlezi, unaarifiwa kwamba..." Nasi tulijibu kwa kidole gumba. Mara nyingi mimi nilikuwa wa kwanza, na sijivunii.

Siku moja nikamwambia, "Mkuu, wengi hawana simu za namna hii. Na Kiswahili cha barua kinawapita, nyumbani wanaongea Kisukuma."

"Mwalimu," akasema, akinyoosha tai yake, "sisi hatuwezi kushuka hadi walipo. Wapande wao."

Nilimdharau tangu hapo, na dharau ile haijanitoka.

Kisha binti mmoja wa darasa la saba, hodari wa hisabati, akaacha kuja. Nikatoa taarifa. Mkuu akaandika kwenye grupu kwamba mzazi wa mtoto huyo afike mara moja. Mnunuzi wa dhahabu akajibu kwa picha ya maua. Wiki ya pili mkuu akarudia kwa herufi kubwa. Wiki ya tatu akaniagiza niandike barua kwa mtendaji wa kata, mama akamatwe kwa kumtelekeza mtoto.

Sikuandika. Jumamosi nilikwenda kumtafuta mama mwenyewe. Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga mawe, vumbi jeupe hadi kwenye kope.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

Alinyanyuka haraka. "Mwalimu! Mwanangu kafanya nini?"

"Hajafika shule wiki ya tatu sasa."

Akaniangalia kama niliyechanganyikiwa. "Si anatoka na sare kila siku? Juzi nimemfulia matope mekundu. Kasema mnachimba msingi wa darasa."

Hatukuwa na msingi wowote. Mama akatangulia, mimi nyuma, mpaka mwaloni, wanakooshea mchanga wa dhahabu. Binti alikuwa ndani ya maji hadi magotini. Sijui nani kati yao aliyeanza kulia.

"Nilichelewa siku moja," binti akasema. "Mkuu akaniambia nisirudi bila mzazi. Nikaona nikimwambia mama, atakosa kibarua."

Basi aliyemfukuza mtoto ni yuleyule aliyekuwa akimtafuta kwa herufi kubwa.

Jumatatu mama alikuja naye. Mkuu aliwaweka nje mpaka saa nne, na walipoingia hakuinuka.

"Mama, taarifa zote ziliwekwa kwenye grupu."

"Grupu ni kwa nani, mwalimu? Nielekezwe, nitakwenda."

Mkuu akacheka, akanigeukia kana kwamba mama hayupo. "Unaona tunavyoteseka na hawa watu?"

Mama akasema taratibu, "Kwangu panafikika kwa miguu. Huyu mwalimu wako kafika."

Binti akarudi darasani. Mimi nikaanza kupita Jumapili baada ya misa, na siku za mnada, nikieleza mambo ya shule kwa Kisukuma. Ijumaa mwalimu mwenzangu alifanya hivyo msikitini. Kina mama wakaanza kuja wenyewe, wakiomba kuona madaftari.

Maofisa wa wilaya walipotutembelea walikuta mkutano wa wazazi umejaa hadi nje. Wakauliza siri ni nini. Mkuu akatoa simu yake, akawaonyesha grupu. Walimsifu, na baadaye akaitwa kuwafundisha wakuu wenzake jinsi ya kuwasiliana na jamii. Tuliambiwa tumpigie makofi. Nilipiga.

Binti alifaulu, yuko sekondari. Mkuu yule kahamia shule kubwa zaidi. Mama aliingia kwenye kamati yetu, na katika kikao chake cha kwanza alizungumza Kisukuma mwanzo hadi mwisho, huku mkuu mpya akiniomba kwa adabu nimtafsirie.