Saruji Ndani ya Feni

Valens Hategekimana hubeba abiria kati ya Kamembe na Muganza, wengi wao wafanyakazi wa zamu kwenye machimbo na kiwanda cha saruji. Alilelewa Uvira, Kongo, akarudi Rwanda akiwa kijana, na tangu hapo kazi yake ni usukani.

Mwaka huu aliongezewa safari ambayo hakuitaka. Mkewe, Mukamana, alianza kutibiwa saratani ya koo kwa mionzi huko Kigali. Basini hawezi kukaa wima njia nzima, na akikaa kiti cha nyuma hutapika, hivyo Valens humlaza kiti cha mbele cha gari lake. Barabara inapita msitu wa Nyungwe. Huko baridi hufanya kioo kiingie ukungu kwa ndani, na bila feni ya joto dereva haoni kitu.

Feni ya Valens ilikuwa imebaki na kasi moja, ya nne, iliyo kali kuliko zote. Hata akielekeza hewa kiooni, kioo kiliirudisha shingoni mwa Mukamana, penye ngozi iliyoungua kwa mionzi. Safari iliyopita alilia kimyakimya msitu mzima. Walipofika nyumbani akasema gari hilo hapandi tena.

Valens akaenda kwa Ciza, fundi umeme wa magari kutoka Bukavu. Ciza alichomoa rezista, kipande kidogo kinachopunguza umeme unaokwenda kwenye feni katika kasi za chini. Kilikuwa kimeungua, na yeye mwenyewe alikifunga kikiwa kipya mwezi uliotangulia, baada ya cha kwanza kuungua. Safari hii hakukimbilia kufunga kingine. Aliitoa feni yenyewe, akaizungusha kwa kidole. Ilikuwa nzito. Ndani yake palikuwa na ganda la kijivu, gumu.

"Papa Gisa! Uko unajenga nyumba mu shofazi?" Ciza alimtania, akimwita kwa jina la mwanawe na kuigonga feni ya joto.

Valens hakucheka. Abiria wake huingia na vumbi la saruji nguoni, nalo lilikuwa limejaa kwenye njia za hewa.

"Nilimwanga mayi mule, vumbi itoke," alisema, akionyesha matundu ya hewa alimomimina maji. "Maman Gisa alikuwa anakohoa."

"Mayi juu ya simiti? Ata mutoto anajua ile inafanya nini!" Kisha Ciza akamtazama usoni, akainama tena kazini.

Feni nzito huvuta umeme mwingi, na umeme huo ndio uliochoma rezista zote mbili. Kasi ya nne haipitii kwenye rezista, ndiyo maana ilipona. Ciza alikwangua ganda kwa bisibisi, akapaka grisi, akafunga rezista nyingine. Kasi zote zikarudi. Valens aliweka shingo yake mwenyewe mbele ya tundu la hewa, akawasha ya kwanza, akakaa hivyo kwa muda.

"Sasa Maman Gisa atalala muzuri," Ciza alisema.

Mukamana alikubali kujaribu. Siku hizo za kungoja gari litengenezwe, kidonda cha mionzi kilikuwa kimepanda kutoka shingoni hadi chini ya sikio. Walipoingia msituni kioo kilianza kuingia ukungu, na Valens akawasha kasi ya kwanza.

"Punguza," Mukamana alisema.

"Hii njo ya chini kabisa, maman."

"Punguza, Papa Gisa."

Valens akazima. Akaanza kufuta kioo kwa mkono wa sweta, gari likienda mwendo wa mtu anayetembea, na malori yakampigia honi kwa nyuma.