Keneli ya Shangazi Helen

Fundi Obeti wa Koboko ana kasoro moja tu: njia fupi haipendi. Hata soda huifungua kwa bisibisi. Mimi, Agnes Keji, nauza chai mlango wa pili, kwa hiyo namjua vizuri.

Safari hii alileta laptopu ya shangazi yake Helen, wa Logiri. Juliet, binti wa Helen, alikuwa amejifungua msichana huko Kampala, na siku ya nne bibi ndiye mtoa jina. Helen akaapa: sura asiyoiona haipi jina. Kumbe laptopu ya kumwonea mtoto kwa video haiitambui kamera yake yenyewe! Obeti akasema dawa ni kushusha msimbo mzima wa keneli, ule moyo wa kompyuta, auunde upya.

Akaiweka simu yake dirishani impe intaneti. Kila akishusha na kujaribu kufungua kifurushi, kompyuta inasema faili limeishia njiani. Akalaumu diski, akalaumu flashi, akalaumu mpaka moshi wa jiko langu. Hapo nilikasirika.

Siku ya tatu nikagundua. Kila nusu saa simu ililia dirishani, na mpigaji ni Helen.

"Obeti, ile kitu imefika?"

"Bado, Auntie. Nyumbani iko salama? Mbuzi iko muzima?"

Simu ikipokewa, intaneti inakatika, na Obeti hakati salamu kabla ya kila mbuzi kuulizwa hali. Nani angethubutu kumwambia shangazi asipige?

"Ita yeye akuje hapa," nikasema. "Akikaa na wewe, hapana piga simu."

Siku ya nne Helen akaja kupitia Arua, akaketi. Faili likashuka zima, likafunguka. Obeti akarukaruka.

"Sasa tunajenga! Masaa sita tu!"

"Juliet iko nangoja sasa," Helen akasema, machozi yakimlengalenga. Roho iliniuma. Nikatazama dirishani.

"Obeti, simu yako iko na kamera?"

Obeti aliiangalia kana kwamba imeletwa sasa hivi.

Dakika mbili baadaye mtoto alikuwa kiooni, anapiga miayo. Helen alimtazama sana. Kwao, mtoto hupewa jina kwa taabu iliyomzunguka.

"Obeti, hii kitu imesumbua sisi siku yote, jina yake iko nani?"

"Keneli, Auntie."

"Basi. Huyu iko Keneli."

Obeti akajifuta macho kwa kofia. Laptopu ilimaliza kujenga jioni, na kamera ikagoma vilevile.