Upindo wa Kanga ya Bibi

Hakuna aliyenifundisha kuchora. Nilikuwa fundi cherehani tu hapa Bariadi, na mabaki ya vitambaa yalikuwa yamejaa gunia. Siku moja nilibandika vipande kwenye ubao kwa gundi ya mbao, nikapaka juu yake udongo mweusi wa mbugani uliochanganywa na rangi. Ulipokauka ukapasuka nyufa. Nilidhani nimeharibu, lakini nilizitazama zile nyufa mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Tangu hapo sijaacha. Picha zangu hazina mtu wala nyumba. Zina mikunjo, vinundu, pamba, maranda, na rangi.

Mama alikuja kutoka Lingeka kutibiwa mguu, akafikia kwangu. Kazi yangu alikuwa akiisikia tu. Asubuhi nilipoingia sebuleni kumwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nilimkuta mbele ya picha kubwa, anaipapasa. Vidole vyake vilisimama kwenye kona ya chini.

"Hii si kanga ya mama yangu?"

Ilikuwa yenyewe. Tulipogawana nguo za bibi baada ya msiba, mimi nilipewa ile kanga. Nilikata upindo wake nikaubandika pale, nipate kuuona kila siku.

"Ndiyo, mayu."

"Amekosa nini hata umfunike udongo mara ya pili?"

Nilileta maji ya moto, nikaanza kulainisha gundi. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Utauchana. Lete hapa." Akakaa chini akaubandua mwenyewe, taratibu, huku akinisimulia jinsi bibi alivyojifunga kanga hiyo kichwani wakati wa kuchuma pamba, na alivyokataa kumwazima mtu yeyote, hata dada yake aliyekuwa anaolewa. Sikuwahi kusikia hayo. Tulicheka sana. Halafu akalia kidogo. Upindo ulitoka mgumu kama kadibodi, lakini ulitoka. Akaufua, akauanika, akaondoka nao.

Kwenye picha palibaki shimo la kina kifupi, na ndani yake alama za nyuzi zimejichapa kwenye udongo. Nilikoroga gundi na maranda nipazibe. Nikasimama pale na mwiko mkononi, nikashindwa. Gundi ikagandia kwenye kopo.

Baadaye mama alinipigia simu. Akanipa habari za mvua na za ng'ombe, kisha akauliza, "Pale mahali umepaziba?"

"Bado, mayu."

"Paache kwanza," akasema.

Pako hivyo hadi leo. Juzi juzi alirudi hospitali, akaja na mfuko wa mabaki ya vitambaa vipya alivyoniombea kwa fundi wa huko kwao. Akaumwaga mkekani, akavipanga kwa rangi, vyekundu huku, vya bluu kule.

"Hivi havina mwenyewe," akasema. "Bandika utakavyo."