Kilio Kilichowekwa Kwenye Kichekesho

Watu wengi hawajui mtunzi wa muziki wa filamu hufanya nini, na huwa sichoki kuwaeleza. Mwongozaji huniletea picha zilizokwisha kuungwa. Tunaketi studioni kwangu, ghorofani juu ya duka la mabati karibu na soko la Kibuye, tunatazama pamoja na kuamua muziki uingie wapi, utoke wapi. Mlango ukifunguliwa kwa muziki wa aina moja, mtazamaji anangoja mgeni. Mlango uleule ukifunguliwa kwa muziki mwingine, anangoja polisi. Wala hajui kwamba ameelekezwa. Kwa vijana wanaotaka kuingia kazi hii nasema, njooni, ni kazi nzuri. Lakini sikilizeni kwanza jambo hili, kwa sababu hadi leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Nilizaliwa Kisumu. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kuuza misumari na mabati, na duka lile lilikuwa lao. Kidholuo nilijifunza uani, nikiruka kamba na watoto wa jirani. Nilianza kwa kurekodi kwaya za makanisa, kisha bendi za harusi, kisha filamu zikaanza kunitafuta. Katika kwaya mojawapo ndimo nilimojuana na Mama nitakayemzungumzia hapa, mkulima wa mtama aliyeolewa upande wa Pap Onditi. Alikuwa akiniita nyar Nyeri, yaani binti wa Nyeri, na kila nilipomkumbusha kwamba sijawahi kulala Nyeri hata usiku mmoja, alinijibu kwamba basi Nyeri wana bahati.

Filamu yenyewe ilihusu familia moja ya kando ya ziwa. Katikati yake baba anakufa, na kuna tukio refu la mazishi. Mwongozaji, mwanamke mchangamfu wa Nairobi, alitaka kilio cha kweli, si cha kuigiza. Nikamwendea Mama.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Nani amekufa?"

Nikamweleza kwamba hakuna aliyekufa, ni filamu. Akasema basi hakuna cha kuimba. Hapa ni lazima nieleze, maana Nairobi nilieleza na sikueleweka. Kilio hicho kwa Kidholuo tunakiita dengo. Mwanamke hukitunga kwa ajili ya mtu fulani aliyelala pale mbele yake. Humo mna jina la marehemu, jina la mama yake, mizaha yake, hata madeni ya maneno aliyoacha. Si wimbo wa kuazimwa. Na kukiimba bure, bila maiti, ni kama kumwita mtu afe ili kilio kipate mwenyewe. Unaweza usiamini hivyo. Mama aliamini, na kinywa kilikuwa chake.

Nilikunywa uji, nikaaga. Nilipofika barabarani aliniita nirudi. Alisema yuko mtu mmoja ambaye bado anaweza kumlilia, kaka yake mkubwa, aliyezikwa nyumbani kwao karibu na Katito. Dengo lake analo bado kifuani. Lakini hataimba katika chumba changu cha Kisumu, kwa kuwa ndani ya chumba hicho hakuna mtu wake. Ataimba pale kwao. Na sauti hiyo isikike kwenye mazishi ya filamu tu, mahali pengine popote isisikike.

Nilimpigia mwongozaji papo hapo, nikaweka simu ipaze sauti ili wote wawili wasikie. Nilimtafsiria kila neno.

"Sawa, Mama," alisema. "Mazishini peke yake. Nakuahidi."

Kwa hiyo tulirekodi Katito, mchana, maikrofoni imesimama kando ya kaburi, kuku wamefungiwa jikoni wasituharibie. Mama alifunga kitambaa kichwani, akatembea hatua chache mbele na nyuma, akaanza. Alimwuliza kaka yake, nikija nyumbani nani atanifungulia lango, nani ataniambia nimekonda hata nikiwa nimenona. Mke wa mpwa wake, aliyekuwa akianika nguo, aliziacha kwenye beseni akaketi chini. Nimerekodi watu wengi. Sijawahi kurekodi kitu kinachokaribia kile.

Niliweka dengo katika tukio la mazishi, nikapeleka Nairobi, nikaendelea kutunga muziki wa sehemu zilizobaki. Baadaye nikaalikwa Nairobi kwenye onyesho la majaribio, ambapo watu wachache huitwa kutazama filamu kabla haijakamilika.

Mapema katika filamu kuna mjomba mlafi anayekwenda kula samaki ufukweni. Ananawa, anachambua mwiba wa kwanza, anageuka kuchukua chumvi, na mwewe anashuka na kunyakua samaki mzima. Mjomba anabaki na ugali. Kimya kidogo. Kisha, kwa sauti ya juu, nikamsikia Mama akimlilia kaka yake.

Ukumbi mzima ulicheka. Mtu mmoja nyuma yangu alipiga kiti kwa mkono. Sitadanganya, kama kichekesho, kilikuwa kimepangwa vizuri sana, na hilo lilizidisha hasira yangu.

Mwongozaji nilimkuta mlangoni akipokea pongezi. Nilimkumbusha ahadi yake. Alisema ni kipande kifupi tu, na kwamba ndicho watu walichokipenda kuliko vyote. Kisha akaniambia kwa upole, kama anayenituliza, "Dada, hakuna anayeelewa yale maneno."

"Kisumu wataelewa," nikamwambia. "Na ndiko mnakoipeleka."

Akasema atamshukuru Mama kwa maandishi mwishoni mwa filamu. Nikamwuliza ni wimbo gani waliouimba kwao walipokuwa wakishusha jeneza la mtu wao, na kama naweza kuuweka chini ya mlevi anayeanguka mtaroni. Akaniambia hayo si mambo ya kulinganisha. Tafadhali, wewe unayesoma, nieleze tofauti. Miaka yote hii naieleza kazi yangu kwa watu, sasa natamani mtu anieleze mimi.

Nilikwenda Pap Onditi kabla kipande hicho hakijaingia kwenye simu za watu, kwa maana sikutaka akikute kwa jirani. Mama alitaka kukiona. Nikafungua kompyuta juu ya kigoda. Mwewe aliponyakua samaki, alicheka kweli, akapiga paja. Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe. Mkono ulibaki pale pale pajani.

"Nipigie huyo msichana wako," alisema.

Alizungumza naye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni. Alimwambia, "Binti yangu, huyo mtu amepoteza samaki. Mimi nimepoteza kaka. Toa sauti yangu hapo."

Mwongozaji akasema ataitoa.

"Na kwa mazishi pia toa."

"Hapana, Mama. Hapo mazishini ndipo penye filamu yangu. Hapo tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Mama alijibu, "ukavunja. Sasa sitaki ukae na mtu wangu nyumbani kwako."

Akanirudishia simu. Nilijua maana yake kwangu. Dengo lile ndilo lililokuwa nguzo ya kila kitu nilichotunga katika filamu hiyo. Nilimwambia mwongozaji kwamba sehemu zote mbili zitolewe, la sivyo asubiri muziki uliobaki kutoka kwa mtu mwingine. Alinitukana kistaarabu, jinsi watu waliosoma wanavyotukana, akaniambia nimeshindwa kutofautisha sanaa na ushirikina. Lakini siku ya kuonyesha ilikuwa imekaribia na hakuwa na mtunzi mwingine. Alitoa. Kwa mjomba wakaweka tarumbeta. Mazishini nilikataa kutunga chochote, pakabaki nyayo, majembe na upepo.

Filamu ikasifiwa. Na sehemu iliyosifiwa kupita zote ilikuwa ule ukimya wa mazishini. Nilimsikia mwongozaji redioni akiulizwa wazo hilo alilipata wapi, akajibu kwamba alitaka kuheshimu utamaduni wa watu wa ziwa.

Nilipokwenda tena Pap Onditi nilimsimulia Mama. Alikuwa akianua mtama uliotandazwa kwenye turubai, wingu limeshatanda upande wa vilima vya Nyakach.

"Kwa hiyo hata pale niliponyamaza mimi," alisema, "ni yeye aliyenyamaza?"

Nikamwambia ndiyo, ndivyo alivyosema redioni. Alinitazama akingoja nieleze zaidi, kama kawaida yangu. Nilishika upande wa pili wa turubai, tukakimbilia ndani kabla mvua haijafika.